Shati la Pandikizi

Majoho ya mawakili yananuka. Watu hawalijui hilo kwa sababu huwaona mawakili kwa mbali, kola nyeupe, joho jeusi linapepea mgongoni, wanakwenda mbiombio kana kwamba kuna haki mahali inawasubiri wao tu. Mama Pindo alilijua, kwa sababu joho likichanika kwapani lililetwa kwake, na yeye ndiye aliyeligeuza ndani nje akaliinamia. Jasho la miaka, manukato juu ya jasho, na moshi wa sigara wa wale walioapa kwa wake zao kuwa wameacha. Hayafuliwi, wanasema joho likifuliwa linapauka na mteja anakukimbia. Mama Pindo aliyashona huku amegeuza uso pembeni, na akimaliza alinawa mikono hadi viwiko.

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la nyumba ya maduka, ng'ambo tu ya lango la mahakama. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, miwani imeshikiliwa sikioni kwa uzi mweusi, mdomo hauna breki. Marehemu mumewe alimwachia binti mmoja na cherehani. Cherehani ikamsomesha binti, binti akaolewa mbali, cherehani ikabaki. Jina la Mama Pindo hakulipata kwa kuzaa. Alipewa na wazazi wa wanafunzi, na lilitokana na shangazi yake, aliyemfundisha kazi na kumchapa vidole kwa rula alipokosea.

Shangazi huyo alikuwa na kanuni moja. "Mtoto usimtazame kimo, kimo kinadanganya. Mtazame viganja na nyayo. Ukiona viganja vimetangulia mikono, huyo bado anakuja. Mwachie pindo." Basi kila sare ya shule aliyoshona, Mama Pindo aliikunjia kwa ndani kitambaa cha vidole vinne, kwenye mikono na kwenye miguu ya suruali, ili mwaka ukigeuka mama mtu afumue na kushusha, asihitaji kununua nyingine. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajiua njaa kwa mkono wake mwenyewe. Watu wazima hakuwaachia hata uzi. Mwanamume mmoja alipodai naye aachiwe nafasi, alimtazama kutoka juu hadi chini akamwambia, "Wewe ulishafika, baba. Kilichobaki ni tumbo, na tumbo halina pindo."

Msimu wa sare ukipita, alishona nguo za kizimbani. Hilo nalo ni soko, tena lina uchafu wake. Mwizi wa kuku ashonewe shati lililopauka ili aonekane mwizi wa njaa. Mkubwa aliyekula fedha za umma ashonewe suti ya kijivu isiyo na mng'ao. Mume aliyempiga mkewe avalishwe sweta, kwa sababu hakimu haamini kwamba mtu aliyevaa sweta anaweza kuvunja taya la mtu. Na mtoto akishtakiwa, ashonewe shati kubwa. Kola icheze, mabega yaanguke, mikono ifunike vidole, akisimama pale mbele aonekane kazama ndani ya nguo. Mama Pindo aliita kazi hiyo kuzamisha. Wakili angekuja na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, nina wa kuzamisha," naye angevuta futi yake ya kupimia shingoni na kufuata.

Alizamisha wengi, na wengi walikuwa wa makosa ya kitoto: kioo cha gari, baiskeli ya watu, ngumi iliyozidi. Hakuona ubaya. Kisha ikaja ya Pandikizi, na hiyo ilikuja na damu ya mtu anayemjua.

Baraza lile alikuwa akigawana na Mama Vocha, mwanamke mwembamba aliyeuza vocha na kuchaji simu za watu kwenye meza chini ya mwavuli. Mama Vocha alikuwa na watoto watatu, na wa mwisho walimwita Kitinda. Alikuwa na miaka minane. Sare yake aliishona Mama Pindo, pindo lake vidole vinne kama kawaida. Siku moja jioni Mama Vocha alimtuma apeleke simu ya mteja nyumba ya jirani. Njiani palikuwa na ghorofa ambalo halijaisha, watoto wa mtaa wamelifanya uwanja wao, na miongoni mwao alikuwako kijana mmoja wa darasa la sita, mrefu kumpita mwalimu wake, ndiyo maana walimwita Pandikizi. Akaitaka ile simu. Kitinda akakataa, akasema ni ya watu. Pandikizi akaokota kipande cha nondo akampiga nacho kichwani, na hakumpiga mara moja. Kisha akachukua simu, akaenda kwa bibi yake aliyekuwa akimlea, akanawa, akala, akaomba aongezewe, akalala.

Hapo kwenye kuongezewa ndipo mtaa uliposhindwa. Kuua walikuwa wamekusikia. Lakini mtoto atoke kuua mtoto mwenzake, akae chini, anyooshe sahani aongezewe, hilo hawakuwa wamelisikia, na siku ile Mama Pindo hakutia kitu mdomoni. Na bado palikuwa na kinyaa kingine. Wanaume wazima walikusanyika na mawe kumfuata Pandikizi, na polisi walimtoa kwa taabu. Mmoja wa wanaume hao kesho yake alikuja kwenye meza ya Mama Vocha, msiba bado mbichi, kumuulizia simu yake aliyoiacha kwenye chaji.

Bibi wa Pandikizi alisema mjukuu ana miaka kumi na mitatu. Sheria ilikuwa wazi. Kama siku ya tukio alikuwa mtoto, atahukumiwa kitoto, apelekwe shule ya maadilisho, kule wanakolala chini ya ulinzi, wakisoma na kufundwa kazi mpaka wakue. Kama alikuwa mtu mzima, gereza la wakubwa mpaka mvi zimtoke. Kila kitu kilisimama kwenye umri, na cheti cha kuzaliwa hakikuwapo. Mama wa kijana alikufa zamani, baba hajulikani, na bibi alipopandishwa kutoa ushahidi alisema mtoto alizaliwa mwaka wa njaa.

"Njaa ipi?" mwendesha mashtaka alimuuliza.

"Ile kubwa."

"Bibi, njaa kubwa zimekuwa nyingi. Ipi?"

Bibi akafikiri, akasema, "Ile aliyozaliwa yeye." Watu wakacheka, mwendesha mashtaka naye akacheka, akakaa chini kama mtu aliyefunga bao. Daktari akaletwa, akasema amepiga picha mifupa ya kijana na umri wake ni kati ya miaka kumi na mitatu na kumi na tisa, maana yake hajui. Hakimu akasema basi, mahakama itamtazama mshtakiwa yenyewe na kuamua. Na kwa kuwa umri ulikuwa na utata, kesi ikasikilizwa kwenye chumba cha kawaida, milango wazi, kila mwenye nafasi akaja kutazama.

Hivyo ndivyo shati lilivyoingia kesini. Wakili aliyepewa na serikali kumtetea Pandikizi alikuwa kijana mwenye viatu vya kung'aa na joho la kuazima. Alivuka barabara, akaona Mama Vocha yuko pale pale kwenye meza yake, akamvuta Mama Pindo hadi nyuma ya mlango. "Mama, huyu nataka umzamishe hadi masikio."

Mama Pindo alimtazama. Alitaka kumtemea mate kwenye vile viatu. Lakini kodi ya baraza ililipwa na kazi za mahakama, na Mama Vocha, aliyekuwa amesikia yote, alisema bila kugeuka, "Shona, dada. Usiposhona wewe atashona mwingine, tena vibaya."

Akashona. Shati la kwanza lilimzamisha kweli. Pandikizi alisimama kizimbani kama aliyevaa nguo za baba yake, na hakimu alimtazama kwa muda mrefu akaandika kitu. Lau kama uamuzi ungetolewa wiki ile, mambo yangekwisha. Lakini kesi ikaanza kupigwa kalenda. Hakimu yuko semina. Mwendesha mashtaka anauguliwa. Jalada halionekani. Jalada limeonekana, hakimu kahamishwa. Hakimu mpya anataka kuanza kusoma upya, na akimaliza kusoma anaelekea likizo. Walikuwa wakibishana umri wa mtu anayekua mbele ya macho yao, na kila walipoahirisha walimwongezea. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, nao ukaisha.

Mama Pindo alikimbizana naye. Alishusha mikono ya lile shati, ikawa mifupi tena. Alishona la pili, mabega yakalijaa. Kila mara aliingia kwenye chumba cha mahabusu nyuma ya mahakama, chumba chenye ndoo pembeni na ukuta ulioandikwa majina ya watu kwa kucha, akasimama juu ya benchi ili amfikie shingo. Sauti ya kijana ilivunjika. Vinyweleo vikamtoka juu ya mdomo. Kule mahabusu ya watoto hakukuwa na mwalimu wala mtu wa kuzungumza nao, kwa maelezo kwamba waliopo pale ni wa kupita, na huyu akapita miaka miwili na zaidi. Mambo aliyofundishwa ni mawili, na mwalimu wake alikuwa wakili: kuinamisha kichwa, na kusema "Sikumbuki."

Kilichomuudhi Mama Pindo kuliko yote ni ule ukavu wa macho. Alitarajia siku moja aone kitu, aibu, hofu, hata usingizi ulioharibika. Hakuona. Kijana alinyoosha mikono apimwe kama anayepimiwa sare, akatafuna kucha, akauliza kama shati litakuwa na mfuko.

Siku ya vipimo vya shati la mwisho, lile la hukumu, alimkuta anakula biskuti alizopewa na afande. Makombo yalimwangukia Mama Pindo kwenye mkono. Alikuwa amemzungushia futi shingoni pale Pandikizi aliposema, mdomo umejaa, "Mama, nikitoka, nitapewa ile simu?"

"Simu ipi?"

"Ile ya siku ile."

Futi ilikuwa shingoni mwake, ncha zote mbili mikononi mwa fundi, na kwa kitambo kifupi mikono ilitaka kuvuta. Mama Pindo aliona mshipa unacheza chini ya ile ngozi, kombo la biskuti limenasa kwenye vinyweleo. Akaitoa futi, akashuka kwenye benchi, akatoka bila kupima mikono. Mikono ya yule kijana alishaijua.

Barazani Mama Vocha alikuwa anamsubiri. "Amesema nini leo?"

"Hajasema kitu."

"Huwa hasemi kitu." Mama Vocha alikuwa anapangua nyaya za chaji zilizosokotana, akizipanga moja moja juu ya meza. "Unajua mimi ninachotaka, dada? Watu wanadhani nataka anyongwe. Zamani nilitaka. Sasa nataka aulizwe, basi. Akae, aulizwe na mtu mwenye akili zake, ajibu kwa mdomo wake. Mwanangu alilia? Alisema nini? Aliniita? Yule peke yake ndiye anayejua. Nimekaa mle ndani miaka yote hii, kazi yangu kutazama mashati yako."

 Mama Pindo alitia uzi kwenye sindano.

"Kuzamisha najua unamzamisha," Mama Vocha akaendelea. "Sikulaumu, ndiyo kazi. Lakini hili la mwisho, nakuomba. Usimshonee uongo."

"Nitamshonea saizi yake," Mama Pindo akasema. "Saizi yake kamili."

Na alimaanisha. Alikaa kwenye cherehani akiwa na hasira ya kutosha kushona turubai. Alikata mabega kwa mabega, kola kwa shingo, kiuno kwa kiuno. Haki gani hii, alijiambia, inayotegemea kola? Kama ni mtoto, wamwone mtoto. Kama ni jitu linalokula biskuti na kuulizia simu aliyompokonya marehemu, waone jitu. Akili yake yote ilikuwa kwenye ile simu, mikono ikawa inajifanyia kazi, na alipokata uzi wa mwisho na kulipiga pasi, lilikuwa shati zuri kuliko yote aliyowahi kushonea kizimba.

Asubuhi ya hukumu wakili alikuja kulichukua. Alilikunjua, akalishika kwa mabega, uso ukambadilika.

"Mama, hili siyo."

"Ndilo."

"Hili ni la mtu mzima. Nilikwambia umzamishe. Hakimu atamtazama leo, leo ndiyo leo, halafu unaniletea hili?"

"Nimeshona saizi yake."

"Saizi yake ni ipi?" wakili aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mahakamani. "Ana miaka kumi na mitano yule. Anacheza gololi na vifuniko vya chupa. Hujui?"

Mama Pindo akamjibu kwamba vifuniko vya chupa hata yeye angeweza kucheza, lakini hajamuua mtu. Gari la mahabusu lilikuwa limeshaingia langoni, shati la zamani halikuwa linamwingia tena, na hakuna duka la nguo lililofunguliwa saa ile. Wakili akaondoka na shati, mgongo umempinda.

Kwenye chumba cha mahakama Mama Pindo na Mama Vocha walikaa benchi moja, la mbele. Pandikizi alipopandishwa, watu waliguna. Shati lilimkaa kama limechorwa. Kifua kilijaa, mabega yalinyooka, kola ilimshika shingo ile nene, na juu yake ule uso wenye vinyweleo. Bibi yake, aliyekuwa nyuma, alisema kwa sauti, "Kapendeza," akanyamazishwa.

Hakimu akavua miwani, akamtazama. Alichukua muda mfupi kuliko ule ambao Mama Pindo huchukua kuchagua kifungo. Akavaa miwani, akaanza kusoma. Maneno yalikuwa marefu, ya kisheria, yanazunguka na kurudi yalikotoka, na kwenye chumba hakuna aliyefuata, kijana kizimbani akiwa wa kwanza kutofuata. Katikati ya kusoma, Pandikizi alinyoosha kidole.

Alikinyoosha juu, mkono umenyooka karibu na sikio, kama wanavyofundishwa darasani. Hakimu hakuinua macho. Afande akaushusha ule mkono. Baada ya dakika kidole kikawa juu tena, na safari hii mkono wa pili uliushika wa kwanza kwenye kiwiko kuusaidia usichoke. Hakimu akanyamaza. "Mshtakiwa ana nini?"

Afande akainama, akanong'onezwa sikioni, akasimama wima. "Anaomba ruhusa akajisaidie, mheshimiwa."

Chumba kikacheka. Mwendesha mashtaka alicheka mpaka akafunika mdomo na jalada. Hakimu akasema asubiri, akarudi kwenye karatasi zake, akasoma kwamba mahakama inamwona mbele yake mwanamume mwenye kimo na umbo kamili, na kwamba hata ikitoa miaka iliyopita tangu tukio, haishawishiki kuwa alikuwa mtoto. Mama Pindo hakuwa akimtazama hakimu. Alikuwa akitazama miguu ya Pandikizi, iliyokuwa imesokotwa mmoja juu ya mwingine, na nyayo zile kubwa ndani ya ndala, zimeutangulia mwili wote. Akatazama viganja vilivyoshika ukingo wa kizimba. Vilining'inia mwishoni mwa ile mikono kama vya mtu mwingine.

Miaka thelathini, hakimu akasema, gereza kuu.

Pandikizi alimgeukia afande. Kwa kuwa chumba kilikuwa kimya, kila mtu alimsikia. "Sasa naweza kwenda?"

Hakuwa anauliza habari ya gereza. Suruali yake ilikuwa imelowa kutoka juu hadi magotini, na maji yalikuwa yanatambaa kwenye mbao za kizimba kuelekea mezani kwa mawakili. Watu wa mbele wakainua miguu. "Jitu zima linajikojolea," mtu akasema, na mwingine akatema mate sakafuni, humo humo mahakamani. Karani akaita mtu wa deki.  Mama Pindo alitoka akiwa amefunika mdomo kwa kanga, akatapika kwenye mfereji wa nje, karibu na magari ya waheshimiwa.

Mama Vocha alimfuata, akamshika mgongo mpaka alipomaliza. Hakuwa na machozi wala furaha. "Hawakumuuliza," alisema. "Umeona? Miaka yote hii, mpaka wanamfunga, hakuna aliyemuuliza."

Jioni ile ile wakili alileta lile joho la kuazima. Kwapa la kushoto limechanika. Alisema watakata rufaa, akasema rufaa zinahitaji jambo jipya kuhusu umri na yeye halioni, akasema mambo mengine mawili matatu ya kujikosha, kisha akauliza joho litakuwa tayari lini. Mama Pindo alilipokea kwa vidole viwili akaliangusha kwenye kapu. 

Baadaye, kazi zikiwa zimeshasahaulisha watu, afande mmoja alivuka barabara na mfuko wa plastiki. Kule gerezani wana nguo zao, alieleza, na za nyumbani zinarudishwa kwa ndugu, lakini bibi hakuonekana tena, labda ni mgonjwa, na yeye alikumbuka shati ni la hapa. Akauacha mfuko juu ya cherehani.

Lilinuka. Jasho la hofu lina harufu yake, halifanani na lile la majoho, na Mama Pindo alilitoa mfukoni huku anapumua kwa mdomo. Aliazimia kulifumua, kitambaa kizuri kile asikitupe. Akaligeuza ndani nje, akatafuta pa kuanzia, akashika mwisho wa mkono wa kulia.

Ulikuwa mnene. Akapapasa tena, akavaa miwani vizuri. Kwa ndani, juu ya kishikizo, kitambaa kilikuwa kimekunjwa na kushikizwa kwa bandi, ule mshono mlegevu wa kufumuliwa, vidole vinne. Akashika mkono wa kushoto. Vidole vinne. Hakukumbuka kukunja. Alikumbuka hasira, alikumbuka simu, alikumbuka biskuti. Alikaa na lile shati mapajani, mguu umesahau kukanyaga, na kile alichokijua tangu siku ya kwanza na kukataa kukitazama kilikuwa pale mkononi mwake. Alijichukia kuliko alivyowahi kuwachukia wale wenye majoho. Wao walikuwa hawajui.

"Unatazama nini?" Mama Vocha aliuliza kutoka mezani kwake.

Mama Pindo alitaka kulificha. Kisha akaona ameficha vya kutosha. Akalinyoosha lile shati kumwelekea, na Mama Vocha akainuka, akaushika ule mkono, akalijua pindo lile kabla ya kuambiwa. Yeye ndiye aliyekuwa akilifumua kila mwaka kwenye sare ya Kitinda, isipokuwa la mwisho.

"Ulimwachia," alisema.

"Mikono iliacha. Mimi sikuituma."

Mama Vocha akalisugua pindo kati ya vidole vyake, taratibu. Mteja alikuja kuulizia vocha, akaona nyuso zao, akaondoka.

"Uliniambia utamshonea saizi yake."

"Ndiyo."

"Basi hii ndiyo saizi yake," Mama Vocha akasema.

Alilikunja lile shati, uchafu wake na harufu yake, mikono ikiwa ndani nje ili pindo lionekane. Akaenda kwenye kapu, akalitoa lile joho la wakili ambalo bado halijashonwa, akaliweka shati juu yake ili akija avichukue vyote viwili. Mama Pindo akasema wakili atawacheka wote wawili, na hakimu atacheka zaidi, nani amewahi kusikia mahakama ikisikiliza pindo la shati.

"Wacheke, wameshazoea," Mama Vocha akasema. "Lakini mwambie aliyelileta ni mama wa marehemu. Mwambie yule ni mtoto, na mimi ndiye ninayesema. Na wakianza upya, kabla ya kumtazama, wamuulize."

Kisha akarudi chini ya mwavuli wake, kwa sababu simu ya mtu ilikuwa imejaa chaji na inalia.